Kaburi la Babu Kule Mgodini

Jumanne, 13 Juni 1995
Nimefika, alhamdulillahi! Lori la mahindi ya kambi ya wakimbizi limenishusha njia panda, kilima nikakipanda kwa miguu. Nilidhani nitakuta mji. Nimekuta kimya. Nyumba za Wazungu zenye dohani, mitambo ya dhahabu imeota kutu, mbuzi wamelala ofisini. Na baridi hii!

Mama kanituma. Macho yake yanaingia ukungu, anataka alione kaburi la baba yake kabla hayajafunga kabisa. Babu Yahaya alikuwa mpishi wa mgodi enzi za Mwingereza, akafia hapa mama akiwa bado ananyonya. Haya, Swabaha, tafuta. Makaburi yenyewe magugu matupu.

Jumatano, 14 Juni
Limepatikana! Nilimwamkia tu mama mmoja mzee, Deodata, mkulima, Mkristo. Kutaja jina la babu, akaangusha jembe. Mjukuu wa mpishi? Kweli? Mkono wangu hakuuachia tena. Mwaka wa njaa, anasema, babu aliwapa watoto wa wachimbaji uji kwa mlango wa nyuma, Wazungu wakiwa wamelala. Yeye alikuwa mmoja wao.

Na kaburi — safi! Limefagiliwa, limezungushiwa mawe. Kilima chote kimenyolewa kwa kuni za kambini, mti wa kaburi tu umesimama. Wakimbizi wakija na mapanga Deodata anawaambia hapa kalala mzee wangu. Wanapita. Nimelia, sina haya.

Alhamisi, 15 Juni
Makubwa! Nimemkuta Deodata kaburini na kibuyu, anammiminia babu rwagwa. Pombe ya ndizi! Kila mavuno, tangu akiwa mwali. Eti mzee hanyimwi kinywaji, atanuna.

Astaghfirullah! Babu ambaye, kwa masimulizi ya nyumbani, hata harufu ya pombe aliikimbia! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamkumbuka mama, asiyepita hata njia ya kilabuni. Kesho anakuja, kama tulivyopanga. Nilitaka kumwambia Deodata kibuyu kibaki nyumbani, nikaghairi. Miaka yote hii sisi damu yake tulikuwa wapi? Mungu amlipe tu.

Ijumaa, 16 Juni
Kaka Taufiki kamleta mama na pikapu. Mama kapapasa mawe, moja moja, akauliza nani kafagia. Nikamwonyesha Deodata. Wakakumbatiana, wakalia.

Halafu pua ya mama. Swabaha, mbona baba ananukia pombe? Deodata kajibu mwenyewe, tena kwa fahari: uji, mti, kibuyu, vyote. Leo kaleta kilichojaa, kwa heshima ya mgeni.

Mimi huyo nyuma ya mti, naandika.

Mama kavua viatu. Kaketi. Kanyoosha mkono.

"Kilete hapa, dada yangu."

Kibuyu kimo mapajani mwake, kakikumbatia kwa mikono miwili. Anaanza Fatiha, Deodata kapiga magoti kando yake, na sasa mama anageuka, ananitafuta kwa macho yale — ananiita niketi nao —