Gauni la Vipimo Vyako

Chang'ombe, 16 Juni 1953

Dada Auleria,

Shikamoo. Sie wazima, mvua zimekatika. Nimefunga ndoa Jumamosi. Bwana ni yule yule Theonest, mchumba wako. Pombe ya ndizi ya posa baba alishainywa, na ikishanyweka hairudi, basi ulipokimbilia utawani ilibidi binti mwingine atoke. Gauni lako walilipunguza kiunoni, viatu vyako nikavijaza pamba. Padre aliniuliza kama nimekuja kwa hiari yangu. Baba akakohoa nyuma yangu, nikajibu ndiyo. Jirani yetu Mwamvita alipika pilau nzuri.

Nasikia nawe umevishwa shela la utawa. Hilo walikupima mwenyewe?

Ni mimi mdogo wako,
Kokushubila