Masaa Tisa ya Usingizi

Mwanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasha moto ule na mdogo wako. Mpe dawa ya kikohozi, kijiko kimoja tu. Gesi ufunge.

Mlikuwa mmeshaenda shule simu ilipopigwa. Lori la baba yenu limeingia mtaroni. Yuko hospitali, mzima, ila mguu umevunjika. ~~Nitarudi mchana.~~ Sijui nitarudi saa ngapi.

Meneja wake alikuja hapa na daftari la safari. Hata pole hakunipa. Akanionyesha: dereva alipumzika masaa tisa kabla ya kuondoka, kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo ajali ni uzembe wake. Akataka nitie sahihi kuwa kweli alilala nyumbani.

Alilala dakika arobaini, kwenye hicho kiti ulichokalia, viatu miguuni, mpaka simu ya ofisi ikamwinua. Uliona mwenyewe chai ilivyomwagika mkononi mwake.

Sikusaini. Lakini hayo masaa tisa niliyaandika mimi. Ofisi haitoi gari bila daftari kujazwa, na yeye kalamu ilikuwa inamponyoka kwa usingizi, basi miaka yote namjazia. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Naenda polisi kusema hivyo. Wakinizuia, mpigie shangazi yako.

~~Usiende hospitali peke yako.~~ Nenda ukamwone baba. Ukimkuta amelala, usimwamshe.

Mama