Munyu wa Kamukuywa

Tuwan, Kitale
3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Habari ya huko? Shingo inaendeleaje tangu wamalize kukuchoma miale Disemba? Mimi ni mzima, ila sina amani. Simu hushiki, ndiyo naandika.

Mama, zile kunde za Jumamosi, wakwe walipokuja kuniposa, zilikuwa na munyu wako wa majivu mwingi hadi zikawa chungu kama sabuni. Baba yake Hiram, Mzee Gathii, alitema kwa leso mbele ya wazee wetu. Sasa kwao wanasema ulifanya makusudi, ati hutaki mkwe Mkikuyu. Hiram hajanipigia tangu siku hiyo. Wewe unapikia harusi za Kamukuywa yote, hujawahi kukosea. Ulikusudia?

Binti yako,
Joan

Kamukuywa
9 Machi

Joan mwanangu,

Salamu nimepata. Sisi wazima, kaka yako Wekoye amepanda mahindi.

Munyu nauchuja mwenyewe kutoka majivu ya maganda ya maharagwe, miaka thelathini sasa. Kama wageni wako wana midomo laini, shauri yao. Usiniulize tena.

Mama yako,
Nakhumicha

Tuwan, Kitale
27 Aprili

Mama,

Hujambo? Wiki saba sikukuandikia kwa hasira. Sasa nina hofu.

Unajua kazini tunaangulisha kambare. Juzi mkubwa wetu aliweka kipande cha sharubu ya kambare kwenye hadubini akaniita nione. Kimejaa vitumba vya kuonjea ladha, seli zimebanana kama punje za kitunguu saumu. Kambare anavyo hadi kwenye ngozi, ndiyo maana anapata chakula topeni bila kuona. Sisi tunavyo mdomoni na kooni tu, vingi kwenye ulimi, na vinakufa na kuota upya kila siku kumi hivi. Nikamuuliza, na mtu akichomwa miale shingoni? Akasema vinaweza kuzimika miezi mingi, na kwa wengine havirudi sawasawa.

Nikakumbuka Krismasi ulikunywa chai niliyosahau sukari, ukasema ni tamu. Mama, unaonja kitu?

Na kuna lingine. Nina mimba ya miezi miwili na nusu. Mtoto huanza kuota vitumba hivyo karibu wiki ya nane, kwa hivyo huyu wangu ameshaanza. Hiram anajua na anataka tuoane, lakini baba yake amekataa katakata kurudi huko. Nijibu tafadhali.

Joan wako

Kamukuywa
11 Mei

Joan, mama,

Unatapika sana? Lala kidogo mchana.

Ni kweli. Ulimi wangu ni kama ubao. Siku ile nilitia munyu, nikaonja, sikusikia kitu, nikaongeza. Mpishi asiyeonja nani atamwita? Nikaona afadhali udhani nina roho mbaya. Nisamehe.

Alhamisi nilikuja Kitale. Sikupita kwako, ningekuona ningeshindwa. Nilienda kwa Mzee Gathii nikamwambia mbele ya mkewe Wakonyo: ulimi wangu umezimika, sikuwatukana. Mzee akanigeuzia mgongo, nikasimama niondoke. Ndipo Wakonyo akanishika mkono, akaniingiza jikoni. Akatia chumvi kwa sufuria, akaonja, akatia tena, akaonja. "Hapo," akasema, akanipa kijiko. Sikusikia kitu, mwanangu, lakini nilimaliza sahani. Mzee naye akavuta kiti, akala na sisi.

Wanakuja tarehe kumi na nne Juni. Wakonyo atatangulia Ijumaa. Mimi nitashika mwiko, yeye atashika chumvi.

Mama yako,
Nakhumicha