Mashine Isiyoitika

3 Juni

Mwanangu kipenzi,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila magoti yangu ndiyo hayo unayoyajua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia, na sitaki kulia.

Juzi hapa zahanati niliondoa daftari la majaribio kwenye ile programu ya skrini nyeusi mnayoitengeneza huko kazini kwenu. Niliandika "futa", neno linaloondoa daftari lililo juu kabisa. Kimya. Mgonjwa asipoitika, mimi humwita tena. Basi nikaandika tena. Kumbe la kwanza lilishaondoka, na safari hii nikafuta la vizazi, watoto wote wa mwaka huu!

Mkuu wa zahanati ameniletea barua ya kukiri uzembe na kuacha kazi, niisaini. Amenipa siku kumi. Miaka thelathini na moja dirishani nikiandikisha wagonjwa, leo niitwe mzembe? Sisaini ng'o.

Mama yako

4 Juni

Shikamoo Mama,

Pole sana. Mimi mzima, ila nina hasira. Daftari lipo. Programu huliweka pembeni siku thelathini. Andika "rudisha vizazi", bonyeza mara moja tu, usubiri hata ikinyamaza.

Kosa ni letu. Niliandika ujumbe wa kumweleza mtu alichofuta na namna ya kukirudisha. Bosi akaukata, eti mtaalamu habembelezwi. Nilikuwa mgeni kazini, nikafyata mdomo. Naona aibu, Mama.

Binti yako

6 Juni

Marahaba mwanangu,

Afya njema, na leo hata magoti yametulia. Watoto wamerudi wote, mia mbili na sita, mpaka mapacha wa wiki iliyopita. Niliwahesabu mmoja mmoja.

Nikamwonyesha mkuu. Akasema vizuri, lakini barua niisaini vile vile, kosa ni kosa. Nitumie huo ujumbe uliokatwa. Na uandike kama unaongea na mtu, usiniletee "operesheni imekamilika".

Mama yako

9 Juni

Shikamoo Mama,

Natumaini unakula na kulala. Huu hapa, nimeuandika upya:

"Umeondoa daftari la vizazi, majina 206. Halijapotea. Litatunzwa hadi 1 Julai. Kulirudisha, andika: rudisha vizazi."

Jana niliusoma kikaoni kwa sauti, nikawasimulia yaliyokupata. Bosi akasema nichague, ujumbe au kazi. Nikamwambia nimeshachagua, na anayetaka kuukata aukate mwenyewe kwa mkono wake. Bado hajanifukuza. Naendelea kwenda kazini.

Binti yako

13 Juni

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima kabisa. Leo zile siku kumi zimekwisha, wakaniita ofisini. Nikaweka ujumbe wako mezani. Mkuu akausoma mara mbili, akauliza kama ningeuona siku ile ningeandika "futa" tena. Nikamwambia, "Bwana, mimi kusoma najua."

Akasukuma barua yake hivyo hivyo. Nikachukua kalamu, nikakata "uzembe wangu", nikaandika juu yake "programu haikunijibu". Nikakata na mstari wa kuacha kazi. Hapo ndipo nikasaini. Saini inasomeka.

Wakikufukuza, chumba chako kipo, shuka nimeshabadilisha. Ila usiwaombe radhi. Kesho saa moja asubuhi nafungua dirisha langu. Wakitaka kunitoa, waje wanitoe mbele ya foleni.

Mama yako