Mwamini Hajakaa Bado

Jumatatu, 3 Machi
Majani ya mihogo ya sombe nimetwanga, nguo nimefua, Mwamini nimemweka kwenye kishimo chake uani. Mama mkwe amekichimba mwenyewe, kama alivyowachimbia watoto wake wote. Mchanga unamshika kiunoni, kitenge kimemzunguka. Anakaa kama sultani. Watafiti wa ukuaji wa watoto wametuomba sisi wazazi tuandike nyumbani kila jambo jipya ambalo mtoto analiweza. Kwenye karatasi yao, palipoulizwa kama anakaa peke yake, mume wangu Ramazani akaandika ndiyo. Nilidhani anatania.

Jumatano, 5 Machi
Hakutania. Nimemtoa Mwamini shimoni, nikamweka mkekani. Akaanguka ubavu. Nikamwinua, akaanguka tena. Wenzake wanatambaa na kula mchanga. Wangu ana miezi tisa, mgongo bado mlegevu. Nimeikata ile ndiyo kwa kalamu. Mstari mnene.

Ijumaa, 7 Machi
Vita. Ramazani ametoka msikitini, mama yake nyuma yake.
"Unataka watu waseme mu nyumba yetu iko mutoto kilema?" mama mkwe akafoka.
"Mama, ni shimo ndiyo inakaa. Mutoto anashikwa tu," nikamjibu.
Wamenuna. Wanune! Nani anambeba mgongoni hadi shambani? Ramazani ameandika ndiyo upya. Nimekata upya. Karatasi imetoboka.

Jumapili, 9 Machi
Nimepalilia mihogo kwa hasira, nimeng'oa hata mizuri. Ramazani anaogopa. Anadhani tukiandika hapana, ndipo ugonjwa utakuja. Namwonea huruma, lakini simfuati. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama mkwe huwaambia hivyo majirani. Majirani tu.

Jumanne, 11 Machi
Mama Furaha, mmoja wa wale watafiti, amekuja kwa pikipiki kutoka Kabambare, matope hadi magotini. Kabla hajashuka, Ramazani alishamkimbiza Mwamini shimoni. Nikamtoa mbele ya wote. Nikamweka mkekani. Akaanguka.
"Hajakaa bado," nikasema.
Mama Furaha akamshika miguu, akampapasa mgongo, taratibu. Akasema hospitali ya Kasongo iko muganga wa viungo. Hakuahidi kitu. Mama mkwe akaingia ndani, akabamiza mlango. Ramazani alibaki amesimama, anatazama chini. Nimelia nikiwa jikoni, kisha nimefunga mzigo. Naenda Kasongo, atake asitake.

Alhamisi, 20 Machi
Tumerudi jana. Ndiyo, tumerudi, sote watatu: alfajiri ya kuondoka nilimkuta Ramazani ameshakalia pikipiki ya kukodi. Barabara imetuvunja mgongo sote. Muganga ametufundisha jinsi ya kumnyoosha na kumkalisha, kila siku, kwa miezi mingi. Huenda atakaa. Huenda atachelewa sana.

Jua limepungua. Ramazani ametandika mkeka nje, mbele ya nyumba, si uani. Anamkalisha, anamwachia kidogo.
"Anguka tu, mama," anamwambia binti yake. "Baba iko."
Anaanguka mikononi mwake. Anamwinua. Watu wanapita wakitoka mashambani, wanasimama, wanatazama. Anawasalimu, anaendelea.