Baba Aligeuza Kura ya Ndama ili Nisomeshwe

Shangazi Nyambu mpendwa, naomba msaada na tafadhali usiandike jina langu, ya wengine nimeyabadilisha, hapa Kitale watu wanasoma hata gazeti la kufungia nyama. Niko kidato cha tatu, sio mtu wa kuongea, hata darasani nikijua jibu nanyamaza, lakini sasa nina hasira mpaka chakula hakipiti, na ninayemkasirikia ni baba yangu.

Kanisani kwetu ukipewa ng'ombe wa msaada, mtamba wa kwanza anayezaliwa unampa jirani, unamkabidhi kamba mbele ya watu wote. Wetu nilimlea mimi kwa chupa, tukampa Mama Nasimiyu, mjane aliyetoka Tongaren. Baba ni mwakilishi wa wakulima kwenye kamati ya chuo kikuu fulani, ile inayolinda wanyama wa utafiti, na ndiye alimwomba huyo mama awaazime huyo ndama wajaribu dawa mpya ya kupe. Shangazi, hiyo dawa ni mbaya, ndama wanatoka povu, wanatetemeka, wake pia, wengine wamekufa, na baba mwenyewe alirudi kutoka huko akashindwa kunywa maziwa. Kamati ikapiga kura majaribio yasimame na baba ndiye aliongea kwa ukali kuliko hata madaktari, nilijivunia sana.

Sasa kampuni ya hiyo dawa ndiyo inajengea chuo maabara. Meneja wao, Bwana Gathii, akaja kwetu na mkubwa mmoja wa chuo, mimi nikapeleka chai, na msichana wa chai ni kama ukuta, hakuna anayemwona. Gathii akasema, "Mzee Ngari, majaribio yakisimama, mabati pia yanasimama. Watoto watafundishwa kwa mvua?" Yule wa chuo akacheka, "Si tupige kura tena tu, mzee. Kwani kura ni ubatizo?" Halafu Gathii akanitazama. "Na huyu yuko kidato gani? Kampuni inaweza kumsomesha udaktari wa mifugo mpaka amalize." Nilirudi jikoni nikatia chumvi kwa kikombe cha pili cha Gathii, nakiri.

Kamati ikakaa tena, baba akainua mkono majaribio yaendelee. Jumapili Mama Nasimiyu akamsimamisha nje ya kanisa, "Mzee, ndama wangu anaendelea aje?" Baba akamwambia, "Vizuri, mama, amenona." Nyumbani nikalia, akanifokea ati ni kwa ajili yangu. Shangazi, kutibu wanyama ndiyo kazi ninayoitaka kuliko kitu chochote na kwetu karo hakuna. Nikisema ukweli baba ataaibika na masomo yameenda. Nikinyamaza siwezi kumtazama yule mama. Nifanye nini?

Ukuta wa Chai

Ukuta wa Chai,

Hasira yako imenipanda na mimi. Kamati ya kulinda mnyama ikianza kuuliza mwenye mabati anataka nini, hiyo ni duka la kampuni. Na hao wakubwa ni wajanja: hawakumwita baba yako ofisini, walikuja sebuleni kwake, mahali mzee hawezi kumkatalia mgeni. Wakamnunua kwa mtoto wake. Simtetei. Amemdanganya mjane mlangoni pa kanisa.

Sasa wewe. Chumvi ilimsaidia nani? Gathii alikunywa akaenda zake, ndama bado anatetemeka. Na usiniambie unanyamaza kwa heshima ya baba tu. Kuna kiti chuoni kinakungoja, na unakitamani. Utafundishwaje kuponya ng'ombe kwa karo inayolipwa na mateso ya ndama huyu mmoja?

Mwambie baba kwanza, leo, akitoka kukamua: "Masomo hayo sitaki. Mama Nasimiyu ataambiwa, chagua kama ni wewe au ni mimi." Akikataa, nenda wewe, useme ulichosikia na usiongeze chumvi hapo pia. Sauti ikitetemeka, wacha itetemeke. Karo tutahangaikia: kuna basari ya eneo bunge, kuna harambee, na bado hujafanya mtihani.

Na kuna jambo hao wote wamesahau. Ndama aliazimwa, hakuuzwa. Wapige kura hata kila Jumatatu, mali ya yule mama haiko kwenye kura yao. Kanisa zima lilimwona akipokea kamba, na hajaikabidhi kwa mtu. Aitoe ilipotundikwa, aende chuoni kuchukua ndama wake, nawe utembee kando yake. Askari wa getini akiuliza ana barua gani, ainue hiyo kamba.