Chupa Iliyosimama Kabatini

Tukuyu,
14 Septemba 2025.

Dada yangu Tulinagwe,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mguu uliokusumbua tangu Pasaka sasa unakanyaga vizuri. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi ya mwaka huu imegoma kuondoka. Mpaka saa nne asubuhi bado tuna masweta. Wifi yako Felista anakusalimu sana. Mimi mwenyewe hanisalimii vizuri siku hizi, na ukimaliza kusoma utaona ana haki.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu, dada, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za mvua ya Songea. Kwenye simu nikipata upenyo wa kukimbia, nakimbia. Kwa hiyo nimeandika, nikampa mwalimu Lusungu anayekuja kwao huko Songea kwa likizo, nikamwomba akukabidhi mkononi.

Kilichonikalisha chini ni agizo lako kwa Simon. Amenieleza kwamba umemwambia abomoe kibanda cha pombe cha mama Jumamosi ijayo, na matofali yake ajengee banda la kuku. Mama naye kakubali bila ubishi. Nilimsihi Simon asiguse hata tofali moja. Akanijibu kwamba yeye ni kitinda mimba, agizo la dada mkubwa hawezi kulitengua kwa ombi la mtu asiyetaja sababu. Sababu ninayo, dada. Nimeikalia tangu Julai.

Allen unamkumbuka, ingawa mlionana Krismasi moja tu: yule Mfaransa mrefu wa mradi wa maji, aliyepanga chumba kwa mama kule Masukulu miaka miwili. Wewe ulikuwa umeshaolewa Songea, hukuona jinsi alivyokuwa anakaa mlangoni pa kibanda akimtazama mama anavyokoroga ulezi wa kimpumu. Alikinywa kama mzaliwa. Alikuwa akisema mama angepata kazi kwao siku hiyohiyo, maana akisimama tu mlangoni, pua yake inamwambia chungu kipi kimeiva, kipi bado, na kipi kimeanza kuharibika. Mimi nilikuwa nikitafsiri huku natazama pembeni. Unajua nilivyokuwa naficha kwamba ada yangu ya chuo ilitoka kwenye vile vyungu.

Alipokwenda likizo mwaka 2012, Allen alirudi na chupa mbili za divai nyekundu kutoka shamba la zabibu la babu yake, mavuno ya mwaka 2009. Alimkabidhi mama, si mimi. Akaeleza kwamba divai ya namna ile ikinywewa changa ni kali, inakwaruza ulimi kama chai iliyozidi majani. Inataka ikae miaka kumi, kumi na mitano, itulie yenyewe. Ilazwe ubavu ili kizibo kisikauke, iwekwe gizani, penye ubaridi, isitikiswetikiswe. Moja ilikuwa ya mama, nyingine aliahidi kurudi wainywe pamoja. Maneno hayo yote yalipita mdomoni mwangu kwa Kinyakyusa safi, kwa hiyo siwezi kusema sikuyaelewa.

Mama alizilaza kibandani, kwenye ile kona iliyochimbwa chini, juu ya majani makavu ya mgomba. Akazifunga shingoni kamba ya mgomba ili kila aingiaye ajue zina mwenyewe. Hakuziinua hata kuzifuta vumbi. Simon anasema mjukuu akikaribia kona ile alifukuzwa kama kuku penye mtama.

Sasa, mwaka 2018 nikapata ukuu wa shule na kuhamia nyumba hii. Nikanunua kabati la vioo. Nikaanza kuona haya kwamba kitu cha thamani kutoka Ufaransa kimelala kwenye kibanda cha pombe ya kienyeji. Nikamfuata mama nikamwambia Wazungu divai huiweka sebuleni, wageni waione. Akaniuliza mbona mwenyewe alisema ilazwe. Nikamjibu kisomi. Akanipa moja, ile ya pili akakataa kabisa, akasema hiyo inamngoja Allen.

Basi nikaisimamisha kabatini kwa miaka saba, dada. Jua la asubuhi linaipiga moja kwa moja kupitia dirishani, na friji iko ubavuni inaipulizia joto lake usiku na mchana. Hakuna mgeni aliyeingia humu asihadithiwe habari zake. Nikajifunza kwenye simu namna wataalamu wanavyoionja: unashika glasi kwa mguu wake, unaizungusha, unatia pua ndani, unavuta kidogo na kuitembeza mdomoni. Nilifanya mazoezi kwa juisi ya rozela. Felista alicheka mpaka akakaa chini, nami nikanuna siku mbili.

Julai Allen akaja kweli, nywele nyeupe, fimbo mkononi. Nikataka karamu iwe kwangu Tukuyu badala ya Masukulu, eti kule hakuna viti. Mama akaja na chupa yake mapajani njia nzima, ameifunga kwenye kanga, ameilaza. Nikaichukua, nikaikata ile kamba ya mgomba ili ionekane nadhifu mezani karibu na mwenzake. Hapo, nakuapia, sikuwa na nia mbaya bado. Walikuwepo walimu wangu wanne, mwinjilisti wetu, jirani yangu mzee Ambindwile, na watu wawili kutoka Masukulu waliomsindikiza mama. Mama nilimpa kiti karibu na mlango wa jikoni.

Uliyosikia kutoka kwangu wiki ile ni kwamba chupa ya mama ilikutwa siki, yangu ikawa nzuri. Ndivyo nilivyokusimulia, nikicheka. Ndipo ukampigia mama ukamwambia kimpumu kimemwaibisha mbele ya mgeni na kwamba umri wake si wa kupikia walevi.

Dada, ni kinyume chake.

Allen alianza na ile iliyopauka karatasi ya jina, ya kabatini. Kizibo kilimeguka vipandevipande. Ilipomiminwa ilikuwa na rangi ya kutu, na kabla glasi haijafika puani harufu ya siki ilikuwa imeshajaa sebuleni. Mzee Ambindwile alikunja uso akauliza kama hii ndiyo ya kuwekea achari. Watu wakacheka, na walimu wangu ndio waliocheka zaidi, wale niliowahadithia miaka yote. Allen akaniuliza kwa Kiingereza chupa hii ilikaa wapi. Hata sikuwaza. Nikasema hii ni ya mama, unyevu wa kibanda cha pombe ndio uliokula karatasi na kuharibu kila kitu. Halafu nikageuka nikawatafsiria watu kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya darasani. Chupa zilikuwa pacha, na hakuna mwalimu anayembishia mkuu wake nyumbani kwake.

Akafungua ya pili. Kizibo kikatoka kizima, kimelowa zambarau upande wa ndani. Allen alinusa, akafumba macho, akanusa tena. Kisha akasema babu yake angelia kwa furaha, na akauliza nani aliyeitunza hii. Nikainua mkono, dada. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja, nikainua mkono kama mtoto wa darasa la pili. Wakanipigia makofi.

Allen ni mtu mwema. Alimwinamia mama, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, pole mama, si kosa lako. Mama alizitazama chupa zote mbili, akanitazama mimi. Mama anazijua chupa zake hata bila kamba. Nikangoja aseme. Akamwambia Allen amsamehe, kibanda chake kina moshi mwingi. Akainuka, akasema anakwenda kuangalia ndizi jikoni.

Tangu siku hiyo hajapika. Wale wawili waliomsindikiza walifikisha habari Masukulu kabla yake, na wateja wakaanza kumtania kwamba anaozesha hata vya Ulaya. Mwanamke aliyekuwa anaitwa harusini na misibani, kwa sababu hakuna chungu chake kilichowahi kukataliwa! Vyungu ameviinamisha vyote. Agizo lako limemkuta hana la kujitetea, na aliyempokonya utetezi ni mimi.

Bado kuna jambo moja, na hili hata Felista nimemwambia juzi tu. Allen, mama alipoingia jikoni, alimimina kwa mkono wake glasi ya ile nzuri, akaijaza kuliko zote, akanipa nimpelekee. Nikaibeba. Nilipofika koridoni, pale penye ndoo za maji, nikasimama. Niliogopa kwamba akiionja, ulimi wake ule utaongea, atasema mbele ya watu hii ndiyo yangu. Na pia nilikuwa naitaka, dada, acha nisijipambe. Nikaimeza yote kwa mikupuo miwili, nimesimama, nikasuuza glasi ndooni na kurudi kumwambia Allen mama anashukuru sana.

Jana nilikwenda Masukulu. Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Nikapiga magoti kwenye maganda yale, nikasema yote, la chupa na la glasi. Hakuacha kupukuchua. Akasema la chupa alilijua palepale, ila asingeweza kuwaachia watu wamcheke mwanawe kwenye nyumba yake mwenyewe, heri wamcheke yeye, ameshazoea. La glasi hakulijua. Hapo mikono yake ilisimama.

Nikamwambia nimeshamwandikia Allen ukweli, na kwamba Jumamosi, siku ileile ya kubomoa, nitawaita wote waliokuwepo karamuni waje uani kwake, nikiri mbele yao kwa mdomo wangu. Nilidhani atanikatalia au atalia. Akaniuliza, taratibu tu, kama mtu anayeulizia habari za safari, ile iliyokuwa kwake ilikuwaje.

Miaka kumi na mitatu ameilaza, dada, na mwenyewe hajui ladha yake. Nikaanza kumweleza. Nikamwambia ilinukia udongo wa mgombani ukinyeshewa, na zambarau zilizokauka, na tumbaku kidogo. Kwamba ilianza ngumu ulimini kama utomvu wa ndizi mbichi, kisha ikalainika, na ilikaa mdomoni muda mrefu baada ya kumezwa. Alinisikiliza amefumba macho, mdomo wake ukicheza polepole kana kwamba anatafuna kitu. Nilipomaliza akasema ndaga, mwanangu. Akanishukuru, dada.

Mpigie Simon upesi umwambie aweke sururu chini, na mama mpigie pia, wewe mwenyewe, useme naye kama unavyojua. Mimi unaweza kuniacha kwanza. Ukinijibu kwa hasira nitaisoma barua yako yote, sitaruka hata mstari. Nisalimie shemeji na watoto kila mmoja kwa jina lake, na Mungu akuponye mguu.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na uso wa kukutazama,

Gwakisa